Sahani Namba Tatu

Kwa miaka sita kazi yangu ilikuwa kukamata hewa. Nikiwaeleza hivyo watu wa kwetu Busunzu walicheka, na shangazi yangu mmoja aliuliza kama huko mjini vitu vya kukamata vimekwisha. Sikumlaumu. Mtu aliyezoea kazi za jembe, za duka na za chaki hawezi kuelewa kirahisi kwamba kuna anayelipwa kwa kufungua vifuniko, kusubiri saa moja, na kuvifunga tena.

Hospitali yenyewe iko Kasulu na sitaitaja, kwa sababu aliyekosea zaidi katika habari hii ni mimi. Nyuma ya kliniki ya macho kulikuwa na vyumba vitatu vilivyofuatana. Cha kwanza unavua viatu na nguo za nje. Cha pili unanawa mpaka kwenye viwiko, unavaa joho, kofia, glavu na barakoa. Cha tatu ndicho tulichokiita chumba safi, na humo ndimo zilimojazwa chupa ndogo za dawa ya macho zilizokwenda hadi Kibondo na kwenye zahanati za pembezoni. Dawa ile haivumilii moto. Ikishajazwa haichemshwi tena, kwa hiyo kijidudu kikidondokea ndani ya chupa kinabaki humo, na siku moja kinatiwa kwenye jicho la mtu aliyekuja hospitali akiwa bado anaona.

Hewa ya chumba kile ilipita kwenye vichujio vya darini na madirisha hayakufunguka. Lakini hewa huchafuliwa na watu. Ngozi hupukutika, nywele hupukutika, na mtu akiongea hurusha matone asiyoyaona. Ndiyo maana mara mbili kwa wiki, wakati wa kazi, niliingia na sahani nne ndogo, kila moja ina jeli yenye rangi ya chai isiyo na maziwa. Hiyo jeli ni chakula cha vijidudu. Namba nne niliiweka ukutani nyuma, namba tatu kwenye stuli kando ya meza ya kujazia, namba mbili katikati, namba moja mlangoni. Unaanza kufungua ya mbali na kumalizia ya mlangoni, ili usipite juu ya sahani uliyokwisha kuifungua. Baada ya saa moja unarudi kuzifunika, unazipeleka kwenye kabati la joto, na baada ya siku mbili kijidudu kimoja kisichoonekana kinakuwa kimezaana hadi kuwa kidoa unachoweza kukihesabu kwa macho. Mlangoni vidoa viwili vitatu tulivivumilia. Kwenye namba tatu, kidoa kimoja kilitosha kuzuia dawa yote ya siku ile.

Mwenye meza hiyo ya kujazia alikuwa mama mmoja wa kijiji cha Kitanga. Nilimwita mama, na humu nitamwita hivyo hivyo. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi yeye akiwa mgongoni. Alikulia kambini, akaolewa, akafiwa na mumewe, akapewa uraia, na cheti chake cha uraia alikitunza ndani ya mfuko wa plastiki uliokuwa ndani ya mfuko mwingine wa plastiki. Hospitalini alianza kwa kupiga deki kwenye korido za kliniki, mpaka mtu mmoja mwenye akili alipoitazama mikono yake. Mikono ile haikutetemeka. Angeweza kujaza trei nzima bila tone hata moja kubaki kwenye shingo ya chupa, na hakuwa mtu wa kujisifu, jambo lililonishangaza kwa sababu mimi kwa kazi kama ile ningejisifu kutwa.

Sasa lazima nieleze salamu. Kwetu Buha mdogo hampiti mkubwa kama anayepita mti. Unatua ulichobeba, kwa sababu mkubwa hasalimiwi na mtu mwenye kitu mkononi. Unainama kidogo, unapiga makofi taratibu, unauliza ameamkaje, nyumbani wameamkaje, watoto, shamba, na kila swali unalisubiri jibu lake. Na humsalimu ukiwa umeziba kinywa. Bibi yangu alinizaba kofi nikiwa na miaka saba kwa sababu nilimsalimu na kipande cha muwa shavuni. Kofi lile limenifundisha adabu kuliko shule zote nilizosoma.

Mkuu wa chumba chetu alikuwa mfamasia kijana kutoka Dar es Salaam, mchapakazi kwelikweli. Yeye alisema "habari za saa hizi" ndani ya barakoa bila kuinua macho, na kwake hiyo ilikuwa salamu kamili. Mara nyingi alikuwa chumba cha pili akichanganya dawa na kutupitishia kwenye kidirisha. Kwa hiyo nilipoingia na sahani zangu, aliyekuwepo alikuwa mama peke yake. Nilifungua namba nne, nikafungua namba tatu pale kando yake. Hapo mikono ilikuwa imebaki mitupu. Nikaishusha barakoa kwa kidole gumba mpaka chini ya kidevu, nikainama, nikapiga makofi.

"Mwakeye, mama."

"Mwakeye, mwana wanje."

Yaani mwanangu. Na uso wake, hata ukiwa umefunikwa, ungejua umefunguka, kwa sababu macho yalipata mikunjo pembeni. Nikauliza nyumbani, nikauliza wajukuu, nikauliza mihogo. Halafu nikapandisha barakoa na kuendelea na namba mbili. Haikuchukua dakika. Ukiniuliza kama nilijua kanuni, nilizijua zote, na nilikuwa nikizifundisha.

Tuliishi hivyo miaka mitatu na sahani namba tatu ilitoka safi. Kisha kikaja kiangazi kimoja kikali. Mashamba yalichomwa, barabara ya kwenda Kibondo ilikuwa inalimwa na magreda, na vumbi jekundu likaingia hata kwenye chumvi. Pua yangu ilichubuka ndani, ikafanya vidonda vidogo, vikapona. Kila mtu mjini alikuwa na mafua ya vumbi. Sikulitia maanani.

Wiki chache baadaye nilifungua kabati la joto nikakuta vidoa vitatu kwenye namba tatu.

Vumbi ningelitambua. Vumbi la Kasulu huota manyoya, ya kijani na meusi, kama mkate uliosahauliwa. Hivi vilikuwa laini, vya mviringo, rangi ya dhahabu. Nilivipima na majibu yakawa yale niliyoyaogopa: kijidudu kinachokaa puani na kwenye ngozi ya mtu. Watu wengi wanakaa nacho na hawaugui. Kwenye jicho lililopasuliwa ni habari nyingine.

Dawa ya siku ile ikamwagwa. Sampuli iliyofuata, vidoa viwili. Wiki hiyo hiyo mama alikwenda kwenye matanga na mkuu akajaza chupa mwenyewe. Tulisalimiana kwa kutikisa vichwa, nikafungua sahani, nikatoka. Namba tatu ilikuwa safi. Mama akarudi, vidoa vikarudi.

Mkuu aliweka daftari langu mezani na kulitazama kwa muda.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema. "Ni yeye."

Nilijua atasema hivyo. Nilikuwa nimekwisha kusema mwenyewe, moyoni, na hata nilikuwa nimechora jedwali: siku alizokuwepo upande huu, siku asizokuwepo upande ule. Nililionea fahari jedwali lile. Lilikuwa safi kuliko jambo lolote nililowahi kuliandika.

Nilimpima mama puani kwa pamba, mimi mwenyewe. Kidudu kilikuwemo. Mkuu hakupimwa, kwa sababu siku zake zilikuwa safi. Na aliyeshika pamba hakupimwa, kwa sababu hakuna aliyefikiria kumpima, na yeye mwenyewe hakujifikiria. Nyani haoni kundule.

Tulimpa dawa ya kupaka puani na sabuni ya dawa ya kuogea, akae nyumbani wiki mbili. Alioga kwa sabuni ile asubuhi na jioni mpaka ngozi ya mikono ikapasuka katikati ya vidole. Alirudi, nikampima tena, pua ikawa safi. Sijui nieleze vipi furaha niliyokuwa nayo siku alipoketi tena kwenye meza yake. Nilimsalimu salamu ndefu kuliko zote nilizowahi kumpa. Nilimuuliza mpaka habari za mbuzi.

Baada ya siku mbili, namba tatu ilikuwa na vidoa saba.

Hapo ndipo akili ingepaswa kunishtua. Pua yake ilikuwa safi, nimeipima mwenyewe, vidoa vimetoka wapi? Mtu mwenye busara angekaa chini na swali hilo. Mimi nililijibu haraka: kama si puani basi ni kwenye ngozi, na ngozi yenyewe imepasuka. Nikaandika hivyo kwenye ripoti, nikatia sahihi.

Aliitwa ofisini na mimi nikaitwa kumweleza kwa Kiha, kinachosikilizana na Kirundi cha kwao, ili aelewe vizuri. Nilieleza. Mama alisikiliza akiwa amepakata mikono yake kama mtu aliyepakata mtoto wa mwingine.

"Kwa hiyo ni pumzi yangu," alisema.

"Pumzi, au ngozi, mama. Si kosa lako. Ni mwili tu."

"Nitoe nini mwilini ili nibaki?"

Nilimtafsiria mkuu, naye akainamisha kichwa. Hakuwa mtu mbaya. Alimwambia anaweza kurudi kliniki, kwenye korido, kazi ipo.

"Oya," alisema mama, yaani hapana. "Kama pumzi yangu inaharibu dawa, wale wa korido nao wana macho."

Akashukuru. Akatuaga mmoja mmoja, akaondoka na mfuko wake wa plastiki. Na hewa ya chumba chetu ikawa safi kwa miezi kumi na minne, nikasifiwa mbele ya wageni kutoka mkoani kwa uchunguzi makini. Nilisimama nikapigiwa makofi. Siku hizi nikikumbuka makofi yale masikio yananiwaka.

Habari zake nilizipata kwa njia ya maharage. Mkamwana wake alikuwa akileta maharage sokoni Kasulu, na mke wangu alikuwa mteja wake. Jioni moja mke wangu alirudi, akaweka kikapu chini, akakaa bila kuvua kitenge.

"Yule mama wa kazini kwako," alisema. "Hashiki wajukuu."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Anasema ana hewa mbaya. Kuna kichanga kimezaliwa pale nyumbani, hajakipakata hata siku moja. Chakula hapiki, anasema atawatilia. Kanisani watu wakipeana amani, yeye anatoka nje mpaka wamalize." Akaniangalia. "Na majirani wameanza kusema. Si unajua watu. Wanasema Mrundi yule kafukuzwa hospitali kwa kuwa ana kitu."

Nilisema maneno ya kitaalamu. Nilisema kile kijidudu hakina tatizo kwa mtu mzima, hata kwa mtoto hakina tatizo, hatukumwambia asishike wajukuu. Mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho.

"Basi nenda ukamwambie," alisema.

Sikwenda. Nilikuwa na kazi nyingi, mvua zilikuwa zimeanza, na sababu nyingine za aina hiyo.

Mwaka wa pili wakatuletea mjazaji mpya, mzee wa Kitahana kule Kibondo, aliyekuwa amefanya kazi ya maabara tangu enzi za hadubini za kuakisi jua kwa kioo. Kabla yake mezani walikuwa wamekaa vijana wawili kwa zamu, na salamu zetu zilikuwa za kurushiana kutoka mbali. Mzee yule alikuwa Muha kama mimi, tena wa rika la baba yangu. Siku ya kwanza nilipoingia nilifungua namba nne, nikafungua namba tatu, nikatua mikono. "Mwakeye, mzee." Naye akajibu kwa sauti nzito, akaniuliza ukoo, tukagundua mjomba wake alioa Busunzu.

Vidoa vinne. Vya dhahabu.

Nakumbuka nilivyosimama mbele ya kabati la joto, mlango wazi, na ule uvuguvugu ukinipiga usoni. Sikutaka kuelewa. Nilimpima mzee puani siku hiyo hiyo, nikasubiri siku mbili nikiomba, Mungu anisamehe, pua yake iwe na kidudu. Haikuwa nacho. Pamba yake haikuotesha chochote cha rangi ile.

Nikachukua pamba nyingine nikaiingiza kwenye pua yangu.

Wakati sahani ile ikiwa kwenye kabati nilikuwa na siku mbili za kujidanganya, na nilizitumia zote. Ya tatu nilifungua. Jeli yote ilikuwa imejaa dhahabu, hakuna hata pa kuhesabia.

Bado nilitaka kuwa na hakika, au labda nilitaka njia ya kutokea. Jumamosi moja asubuhi, wakati hakuna kazi ya kujaza, nilinawa, nikavaa kila kitu, nikaingia chumba safi peke yangu. Niliweka sahani mbili kwenye stuli ile. Nilifungua ya kwanza, nikakaa kimya dakika moja barakoa ikiwa juu, nikaifunika. Nikafungua ya pili. Nikaishusha barakoa kwa kidole gumba. Nikainama mbele ya meza tupu, nikapiga makofi, nikasema, "Mwakeye, mama." Nikauliza nyumbani. Nikauliza wajukuu, mihogo, mbuzi, na kila swali nikalisubiri jibu lake kama ninavyosubiri siku zote, ili kipimo kiwe sawa. Chumba kile kina mlio wa feni tu. Katikati ya salamu sauti ilinikatika, na ikabidi nianze upya na sahani ya akiba, kwa sababu kipimo kilichokatika si kipimo.

Ya kwanza ilitoka safi. Ile ya salamu ilikuwa na vidoa sita.

Kila nilichohitaji kukijua kilikuwa kwenye jedwali langu la fahari tangu mwanzo. Siku alizokuwepo ni siku nilizomsalimu. Siku asizokuwepo hakukuwa na mkubwa wa kusalimiwa. Nilimheshimu mama yule mpaka nikamfukuzisha kazi.

Nilikwenda kwa mkuu nikamweleza yote, nikaonyesha sahani. Aliuliza swali moja tu.

"Ulikuwa unashusha barakoa kwa nini?"

Nilijaribu kumweleza habari za kinywa na mkubwa. Nilipofika kwenye muwa na kofi la bibi nikaona sina haja ya kuendelea. Alinipa barua ya onyo, akanitoa chumba safi, akanihamishia maabara ya kupimia wagonjwa malaria, na yote hayo yalikuwa haki. Halafu aliandika barua nyingine, ya kwenda Kitanga, na hiyo aliiandika vizuri. Ilisema mama hakuwa chanzo cha uchafu ule wakati wowote. Ilisema chanzo ni mchukuaji sampuli. Ilimwomba radhi na kumwomba arudi. Nilimwomba niipeleke mwenyewe.

Nilipanda pikipiki asubuhi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na migomba ilikuwa bado inadondosha maji barabarani. Njia nzima nilijiandalia maneno, na yote yalinitoka nilipofika uani na kumwona. Alikuwa ananawa kwenye beseni, peke yake, mbali na jiko. Alikuwa amekonda. Aliponiona alichukua kanga akafuta mikono, akafuta tena katikati ya vidole, polepole, mpaka ikakauka kabisa. Nikatua kofia ya pikipiki na mfuko chini, nikainama, nikapiga makofi, nikamsalimu, nikanyoosha mkono.

Alikunja vidole vyake ndani, akanipa kifundo cha mkono.

Kila mtu anajua salamu ile. Ukimkuta mtu analima au anakanda unga, anakupa kifundo akuepushe uchafu wa viganja. Viganja vyake vilikuwa vimenawishwa na kukaushwa mbele ya macho yangu. Vyangu ndivyo vilivyokuwa na vumbi na mafuta ya pikipiki.

Nilikaa kwenye kiti alichonionyesha. Yeye alikaa mbali, upande ambao upepo ulikuwa unatoka kwangu kwenda kwake. Nilitoa barua nikamwambia ninataka kuisoma. Akainua mkono.

"Subiri," alisema. Alimwita mkamwana wake, akaja na mtoto mgongoni. Kisha akamtuma awaite majirani wawili, mume na mke, wa nyumba ya pili. Wakaja, wakakaa kwenye mkeka, wakaniangalia kama anavyoangaliwa mtu wa sensa. Mama akasema, "Waliosikia lile, wasikie na hili."

Nilisoma kwa Kiswahili, neno kwa neno, kisha nikasimama nikasema kwa Kiha. Nikasema uchafu ulikuwa wangu. Nikasema ulitoka kwenye pua hii, nikaigusa. Nikasema mama huyu hakuwahi kuwa na hewa mbaya, na kwamba mimi niliyeandika hivyo niliandika uongo bila kujua, na nimekuja kuufuta. Jirani wa kiume alikohoa. Mkewe akasema, "Mungu mkubwa," akamtazama mama, kisha akatazama chini kwa aibu, kwa sababu nadhani na yeye alikuwa na lake alilolisema kisimani. Mkamwana alikuwa analia wazi bila kujifuta. Alimfungua mtoto mgongoni, akavuka ua, akamweka mapajani mwa mama yake mkwe bila kuuliza.

Mama aliacha mikono yake pembeni. Mtoto akamshika kanga. Baada ya muda mrefu aliweka mkono mmoja nyuma ya mgongo wa mtoto, asianguke.

Majirani walipoondoka tulibaki wawili. Aliikunja barua, akaitia kwenye ule mfuko wa plastiki, pamoja na cheti.

"Nilikuwa nakuona," alisema.

"Ulikuwa unaona nini, mama?"

"Barakoa. Unavyoishusha."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Mwanzo sikuwaza. Nilifundishwa kanuni kama wewe, lakini niliona ni kitu kidogo. Uliponipa dawa, nikapaka, nikaoga, nikarudi, ukafurahi, ukaishusha tena, hapo nikajua."

"Ulijua ofisini? Nilipokuwa nakueleza?"

"Egome." Ndiyo.

Nilikasirika. Nasema ukweli, nilimkasirikia yeye, pale uani kwake, kwa kunyamaza na kuniacha nibebe jambo zito namna ile bila kujua. Hasira ilidumu kidogo, kisha nikaona ilivyo ya kipuuzi, na haya ikanishika mpaka nikakosa pa kuangalia.

"Kwa nini hukusema, mama?"

"Ningesema nini, mwana wanje? Mimi mtu wa kuja, nisimame mbele ya mkubwa wako, nimtaje mwenyeji?" Alimsogeza mtoto vizuri. "Na ningekushtaki kwa lipi? Kwamba umenisalimia? Mle ndani wote niliwajua kwa macho tu. Miaka mitatu, uso niliouona ni wako. Mtu hashtakiwi kwa salamu."

"Lakini mtoto hukumpakata. Kama ulijua hewa si yako."

Alimtazama mtoto.

"Siku zile nilijua," alisema. "Halafu kila mtu akawa anasema. Jambo likisemwa na watu wote, hata unayelijua unaanza kujinusa."

Nilimuuliza kuhusu kurudi kazini. Alitikisa kichwa. Alisema maharage yameshachanua na hawezi kuyaacha. Alisema nimwambie mkuu barua yake ni nzuri. Mkamwana alileta ugali na maharage, na mama akala nasi, lakini kwa sahani yake, pembeni.

Alinisindikiza mpaka barabarani, kama inavyopasa. Pale kwenye pikipiki nikatua tena kofia, nikatua mfuko, nikabaki na mikono mitupu, nikainama, nikamuaga kirefu. Nilimwambia abaki na amani, akae na amani, nilimwambia tena kwamba yeye ni safi. Alisema anajua. Alisema amesikia, na watu wamesikia. Nikanyoosha mkono na kusubiri. Niliona vidole vyake vikifunguka kidogo, vikasimama, vikajikunja tena ndani, na nadhani hata yeye hakujua.

Nikashika kifundo, kwa sababu ndicho alichonipa.